Ubavuni

Lali alikuja kwangu Wiyoni saa mbili asubuhi
na uso wa mtu aliyepoteza risiti.
"Mwanajabu, chupa zako huzibandua vipi karatasi?"
Nikajua hakuja kwa ajili ya chupa.

Miaka kumi na moja nauza achari ya ndimu na embe
katika chupa zilizowahi kuwa za jamu, za asali, za kahawa,
na hakuna mteja aliyeishika kidole kikamnata.
Gundi naijua. Ina tabia zake.
Ukiijia na kisu inalala chini, inakushinda kwa unyonge.
Ukiimwagia petroli inalainika, inatembea,
kesho unaikuta imehamia pengine.

Boti ilikuwa imelala mtangani,
ya faiba, buluu, injini imevuliwa,
na ubavuni herufi alizozibandua kwa kucha.
N ilitoka nzima. U iliacha utando.
R ilikuwa imekusanya mtanga na manyoya ya punda,
na kwa mbali kila mwenye macho bado alisoma
NURU YA MATO,
jina alilolichapisha Mombasa kwa dhahabu
wiki aliyomwoa Barke wa Faza.

Wiki hiyo nilikuwa nakata ndimu.
Vidole vilikuwa na michubuko. Nakumbuka
kwa sababu chumvi haisahauliki.

Sikumwuliza Barke yuko wapi.
Mji una mdomo, na masikio yangu hayana pamba.
Nilimwuliza: umejaribu nini?
Kisu, akasema. Petroli. Msasa kidogo, hapo kwenye Y.
Nikautazama mkwaruzo.
"Hapo umejichapa mwenyewe."

Basi tukafanya hivi.
Mafuta ya nazi yaliyochacha, yasiyofaa tena jikoni.
Magadi, kijiko kwa kijiko, mpaka iwe uji mzito.
Upake. Uache.
Ni hapo kwenye kuacha wanaume hushindwa.
Lali alikaa, akasimama, akaizunguka boti, akagusa,
nikamchapa mkono.
Mafuta yana kazi yake; hayajaomba msaada.

Maji yalipoanza kujaa tukachukua makumbi
na kadi ya benki iliyokwisha muda,
yeye upande wa NURU, mimi upande wa MATO,
tukasukuma taratibu, kadi imeinama,
gundi ikajikunja kama utando wa maziwa,
ikadondoka vipande vyeusi vyeusi
kama nongo chini ya dodoki.

Hatukuzungumza. Mara moja tu alisema,
"Una mikono ya subira."
Nikamjibu, "Nina mikono ya ndimu."

Halafu sabuni, maji, kitambaa.
Nikapitisha kiganja mwanzo hadi mwisho:
laini kama bilauri. Hakuna kitu.
Lali akarudi nyuma hatua sita apate kuona,
nami nikamwona anavyonyamaza.

Pale zilipokaa herufi kwa miaka mitatu
jua halikuwahi kufika.
Boti yote ilikuwa imepauka, buluu ya kaniki ya kufuliwa,
lakini NURU YA MATO ilikuwa buluu mpya, ya dukani,
wazi kuliko ilivyokuwa na gundi,
wazi kuliko dhahabu.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka nikashika mbavu,
na mtoto wa jirani aliyekuja kutazama
akaisoma kwa sauti, silabi kwa silabi,
kama yuko mbele ya mwalimu.

"Sasa hii inatolewa na nini?"
Hiyo, nikamwambia, si kazi yangu. Mimi ni wa gundi.
Hiyo mwachie jua, pengine miaka mitatu mingine.
Au paka rangi boti nzima.

Nikachukua kopo langu na kijiko.
Kadi nilimwachia.
Nyumbani nilinawa mara nne,
na jioni, nikikata ndimu,
kisu kikaniteleza mkononi.
Mafuta yalikuwa bado yapo.